Bloa ya korosho na injini ya ndege: upepo ndo unaokata mafuta

Nikiwaambia watu kwamba injini ya ndege na bloa ya kupulizia dawa mikorosho zinavunja kimiminika kuwa ukungu kwa mbinu ileile wananiangalia tu, ila ni kweli kabisa, na huku Mtwara nani hajawahi kubeba bloa mgongoni msimu wa ugonjwa wa ubwiri unga, iwe Newala, Tandahimba au Masasi, kwaiyo naamini tutaelewana.

Iko hivi. Mafuta yakiwa bado kimiminika hayawaki, kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, na ndani ya chemba ya kuchomea mafuta yana milisekunde chache tu za kugeuka mvuke. Tone likiwa dogo linakauka haraka, tena sio haraka kidogo, ukipunguza upana wake mara 10 muda wa kukauka unapungua mara 100. Chukua tone la milimita 2 ulivunje liwe vitone vya maikromita 20, unapata vitone milioni 1 na eneo linaloguswa na hewa linaongezeka mara 100.

Sasa unalivunjaje? Njia ya zamani ni kusukuma mafuta kwa presha yapite kwenye kitundu, kama yale mabomba ya kupampu kwa mkono. Inafanya kazi, ila ukitaka mafuta mara 10 zaidi kwenye kitundu kilekile inabidi presha iongezeke mara 100, na ndege ikiwa inapaa inakula mafuta mengi mno kuliko ikiwa inajikokota uwanjani. Halafu presha ya chemba ikipanda, ule mwavuli wa mafuta unajifunga, matone yanarundikana katikati, hewa haiyafikii yote, masizi hayo.

Injekta ya upepo (injekta ni kile kifaa kinachoingiza mafuta kwenye chemba) inafanya tofauti kabisa na kwangu mimi ni moja ya vitu vizuri sana ambavyo wahandisi wamewahi kubuni. Mafuta yanakuja kwa presha ndogo tu, yanatandazwa kwenye ukuta wa ndani wa kikombe kidogo cha chuma yanakuwa utando mwembamba, utando unasogea mpaka ukingoni, na ukingo wenyewe ni mwembamba. Hewa inapita pande zote mbili za huo ukingo, ndani na nje, kama mita 100 kwa sekunde, na mara nyingi inapita ikiwa inazunguka. Pale ukingoni mafuta yanajikusanya kidogo, upepo unayavuta, yanafura vimifuko na kurefuka nyuzi, vimifuko vinapasuka, nyuzi zinakatika vipandevipande, basi hayo ndo matone yenyewe. Na hakuna pampu ya ziada ya hewa: presha inapungua kama asilimia 3 mpaka 5 kati ya kompresa, yaani sehemu ya injini inayobana hewa, na chemba, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuusukuma huo upepo.

Angalia bloa yako. Fungua koki injini ikiwa imezimwa, dawa inachuruzika tu chini. Washa, mlio ukiwa mdogo, matone makubwa yanaishia matawi ya chini. Kaza moto sasa, ukungu unapanda mpaka kileleni mwa mkorosho. Nozo ileile, dawa ileile, kilichobadilika ni upepo.

Presha kubwa inaingiaje hapa? Upepo unapigana na mvutano wa uso wa mafuta, yaani ile nguvu inayolishikilia tone lisivunjike, na wahandisi wanapima huo ugomvi kwa namba ya Weber: uzito wa hewa kwa mita moja ya ujazo, zidisha kwa mwendo, zidisha tena kwa mwendo huohuo, zidisha kwa upana wa tone, gawa kwa mvutano wa uso. Ikizidi 12 hivi, tone linapasuka. Hewa ya kawaida hapa pwani ni kama kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, ila ukiibana mpaka baa 30 (kama mara 30 ya presha ya kawaida ya hewa) na joto lake likafika nyuzi 530 inakuwa kama kilo 13, kwaiyo kwa mwendo uleule inapiga mafuta kwa nguvu karibu mara 11. Yaani presha inayoiharibia kazi injekta ya kitundu ndo inayoinoa hii ya upepo!

Hata zile ndege za Dash 8 Q400 zinazotua uwanjani kwetu, propela isikudanganye, ndani ni injini ya tabaini, yaani mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto, sio ya pistoni.

Kazi ni wakati wa kuwasha. Kompresa bado inazunguka polepole, upepo hauna nguvu, ndo maana injekta nyingi zinawekewa kinozo kidogo cha presha katikati cha kuanzishia moto, injini ikishachanganya upepo unachukua kazi.

Na adui mwingine ni joto. Mafuta yakikaa kwenye njia za injekta yanaungua, yanaacha ukoko wa kaboni, utando ukifika ukingoni unakuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Upande mnene unatoa matone makubwa na moto mkali, na moto huo unaenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabaini. Kwaiyo injekta ikitolewa inafungwa kwenye benchi la kupimia, fundi anaangalia mwavuli wa ukungu mzunguko mzima, akiona mchirizi mbaya hairudishi kwenye injini.