Howard, Washington: kwenye masanduku ya historia ya watu weusi

Ukitua Dulles, teksi ya nini? Treni ya Metro ya laini ya fedha inafika uwanjani hapo tangu Novemba 2022. Niliipanda hadi L'Enfant Plaza, nikabadili na kuingia ya kijani inayoelekea Greenbelt, nikashuka Shaw–Howard University. Tokea mlango wa kaskazini. Ule wa kusini unakuongezea mwendo bure. Kisha ni kupandisha kwa miguu barabara ya 7th, ambayo mbele inabadilika jina kuwa Georgia Avenue, mpaka uuone mnara wa saa juu ya jengo la matofali mekundu. Hiyo ndiyo Founders Library, maktaba ya Chuo Kikuu cha Howard iliyofunguliwa mwaka 1939, na Kituo cha Utafiti cha Moorland-Spingarn, hifadhi ya historia ya watu weusi, kimo humo.

Kusoma humo ni kwa miadi. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla hujakata tiketi ya ndege, na usiandike tu kwamba unaomba vitu vya Nkrumah. Nyaraka za Kwame Nkrumah zipo kweli, lakini hakuna mkutubi atakayekubebea mkusanyo mzima. Pitia mwongozo wa mkusanyo, yaani orodha ya kilichomo, kwanza, kisha taja mambo matatu: jina la mkusanyo, namba ya sanduku, namba ya jalada. Hifadhi nyingi kubwa huweka sehemu ya mali yao kwenye ghala la mbali, kwa hiyo uliza mapema kama sanduku lako lazima liagizwe.

Chuo chenyewe kilianzishwa 1867, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1914 mchungaji Jesse Moorland, aliyesoma hapo na kuwa mdhamini wa chuo, alikitolea maktaba yake binafsi. Zawadi ikakaa bila mtu wa kuipanga ipasavyo hadi 1930, alipokabidhiwa mkutubi Dorothy Porter. Huyu mama ndiye aliyenivuta hadi Washington, maana bila yeye vitabu vile vingebaki rundo lenye jina zuri.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa namba. Maktaba za Marekani zilifuata mpangilio wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake ya rafu, na nyingi zilimsukuma mwandishi mweusi kwenye 325, ya ukoloni na uhamiaji, au 326, ya utumwa. Hata mashairi ya James Weldon Johnson yaliwekwa 325. Anayetafuta mashairi hapiti rafu ya ukoloni, kwa hiyo kitabu kipo na hakionekani. Porter aliupangua utaratibu huo: ushairi ukaenda kwenye ushairi, muziki kwenye muziki, kila kazi mahali pa fani yake.

La pili lilikuwa fedha. Bajeti ilikuwa ndogo mno, akawa anawaandikia wachapishaji kuwaomba vitabu vya bure, na akipata habari za msiba anakwenda kuomba karatasi za marehemu kabla familia haijazitupa. Mwaka 1946 chuo kilipotaka kununua mkusanyo wa vitabu wa wakili Arthur Spingarn, mhasibu mkuu hakuiamini tathmini ya Porter, akataka mtu wa nje. Porter akamwendea mtathmini wa Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani. Mtathmini huyo akakiri kwamba vitabu vya watu weusi havijui, akamwomba Porter huyohuyo aandike ripoti, yeye aipeleke kwa mhasibu. Ripoti ikapita! Porter aliendelea na kazi hiyo hadi 1973.

Ndani ya chumba cha kusomea nyaraka, begi na kalamu ya wino hubaki nje. Tumia penseli. Fungua sanduku moja, toa jalada moja, na weka kadi mahali ulipolitoa. Usipange upya karatasi hata ukiona mpangilio umekosewa. Mpe taarifa mkutubi. Karatasi zinashikwa kwa mikono mitupu, safi na mikavu, kwa sababu glovu za pamba zinakunyima hisia ya vidole na ukingo unachanika. Glovu ni za kushikia picha za zamani. Ukiruhusiwa kupiga picha kwa simu, zima mwanga, na kila jalada lianze na picha ya lebo yake. Wengi hurudi nyumbani na mamia ya picha wasizoweza kuzitaja zilitoka sanduku gani, na picha ya namna hiyo huwezi kuinukuu popote.

Magazeti ndiyo yanayoumiza kichwa. Karatasi yake ni ya rojo la mbao: ikipata mwanga na joto inazalisha asidi, inageuka rangi ya kahawia, kisha inavunjika kwenye mkunjo. Klipu ya chuma inaacha kutu yenye umbo lake; gundi ya selotepu inapenya hadi upande wa pili. Dawa ni kuondoa chuma, kuweka majalada yasiyo na asidi, na joto la nyuzi 18 hadi 21 lisilopandapanda. Hifadhi ya magazeti ya watu weusi hapa ina majina zaidi ya 2,000, na mwaka 2022 ilipata msaada wa dola milioni 2 kuyaweka kwenye mfumo wa kidijitali.

Kuskani nako kuna mitego yake. Programu ya kusoma maandishi huruka kutoka safu moja hadi nyingine, ikaunganisha habari mbili, na herufi zilizofifia huharibu majina. Tafuta jina kwa tahajia tatu au nne, na tumia maneno ya wakati ule: "Negro", "Colored", na kwa habari za kwetu "Tanganyika" au "British East Africa". Ukiandika "Tanzania" kutafuta habari za 1935 utaambulia patupu.

Ukiwa na nafasi, omba pia Ralph Bunche Oral History Collection, mahojiano na wanaharakati wa haki za kiraia yaliyorekodiwa zaidi mwishoni mwa miaka ya 1960. Anza na nakala zilizoandikwa. Kanda iombe pale tu unapohitaji kusikia sauti, kwa kuwa kila mzunguko kwenye mashine unaila kidogo.