Mtamba wetu kazaa, chuchu moja imekataa

Jamani leo alfajiri mtamba wetu wa Boran kazaa uzao wake wa kwanza, huku Kongwa. Ndama jike, mzima kabisa.

Shida ni kiwele. Nyuma kulia kumevimba, kugumu, kwa moto ukigusa. Ng'ombe wa nyama hawa hatuwakamui kwa hiyo unaweza usijue kitu mpaka siku anayozaa.

Nikajaribu kukamua kidogo, chuchu tatu zikatoa dang'a (maziwa ya kwanza) nzito ya njano, hiyo mbovu ikatoa majimaji yenye mabonge.

Kilichoniuma ni ndama sasa. Kila akizunguka anaidaka ileile mbovu, ananyonya, anapiga kichwa, hapati kitu, anaanza kulia. Nikamshika taya taratibu nikamhamishia ya mbele, weee, mkia ukaanza kuchezacheza na povu limejaa mdomoni, nilitaka kulia kwa furaha.

Daktari wa mifugo kaja kampiga mama sindano, kasema hiyo mbovu tuikamue mara kwa mara tumwage, chuchu tatu zinalea ndama ila anaweza kuchelewa kukua kidogo, na dang'a iingie mapema, ndani ya saa 6 za mwanzo ndo bora zaidi.

Mzee anataka tukishaachisha ndama mama auzwe. Mimi sikubali, mama anamnyonyesha hata upande unaouma na wala hampigi teke, huyo ni mlezi.

Wafugaji wenzangu, mtamba wa chuchu tatu nyie mnambakisha au mnamtoa? Na ndama wake aliachishwa na kilo ngapi?