Ugali Wakati wa Pasaka: Tulivyowafundisha Watoto Wetu Uyahudi Nyumbani

Mimi ni muuguzi, na zamu zangu nyingi huangukia wikendi. Mume wangu ni Myahudi wa hapa hapa Marekani. Mimi nimezaliwa na kulelewa Eldoret katika nyumba ya Wakristo. Tunaishi Maryland, nje kidogo ya Washington. Tulipooana tulikubaliana kwamba watoto watalelewa Kiyahudi, na hilo halikutupa shida. Shida ilikuwa nani atawafundisha, na saa ngapi.

Njia iliyozoeleka huku ni darasa la sinagogi: Jumapili asubuhi, na wakubwa huongezewa siku moja baada ya shule. Ni utaratibu wa zamani. Rebecca Gratz alifungua shule ya Jumapili ya watoto wa Kiyahudi mjini Philadelphia mwaka 1838. Sisi pia tuliwapeleka wetu, na walimu walikuwa watu wema. Lakini Jumapili asubuhi ndipo ninapotoka zamu ya usiku macho yakiwa mekundu, na mume wangu husafiri sana kikazi. Isitoshe, binti yetu alikuwa akirudi na wimbo wa Kiebrania asioujua maana, anatuuliza, na sisi wote wawili tunatazamana. Mume wangu mwenyewe alikuwa ameyasahau karibu yote tangu alipofikisha miaka 13.

Na kwetu masomo haya hayakuwa pambo. Kwa Wayahudi wa madhehebu ya Orthodox na Conservative, Uyahudi wa mtoto hufuata mama, au mtoto aongoke rasmi. Marabi wa dhehebu la Reform la Marekani waliamua mwaka 1983 kwamba mtoto mwenye mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, atahesabiwa Myahudi akilelewa hivyo na kulidhihirisha hilo kwa matendo. Kwa hiyo mama asiye Myahudi kama mimi ana kazi ya kufanya.

Nikamwendea rabi wetu, mama mmoja mcheshi asiyependa maneno mengi. Akaniuliza, "Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, nyumbani mnafanya nini?" Nikamjibu tunakula. "Basi anzieni hapo." Akanikumbusha Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale wazazi wanapoagizwa kuwafundisha watoto wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Mstari huo nilikuwa nimeukariri tangu Sunday school kule Eldoret, sema sikuwahi kuufikiria kama ratiba. Tukaafikiana: tutafundisha nyumbani kwa kushirikiana na familia nyingine, watoto watakwenda sinagogi sikukuu na baadhi ya Jumamosi, naye atakaa nao mara kwa mara awasikilize.

Tukapata familia nyingine tatu ambazo Jumapili ilikuwa inawasumbua kama sisi. Mmoja wao ni bibi wa Kiyahudi aliyezaliwa Baghdad, ambaye analea mjukuu wake. Sharti letu lilikuwa moja tu: hakuna mzazi wa kumshusha mtoto mlangoni na kuondoka. Kila familia inashika sikukuu yake, inajifunza kwanza, halafu inawakaribisha wengine. Kalenda ya Kiyahudi imejaa kiasi kwamba hatukuhitaji kubuni mtaala.

Sisi tulipewa Pasaka, ile ya Kiyahudi ya kukumbuka kutoka Misri. Niliogopa, halafu nikaona kumbe ni jambo la jikoni. Mkate usiotiwa chachu, yaani matza, una sheria ya dakika 18: unga ukishaguswa na maji, kabla muda huo haujaisha uwe umekandwa, umesukumwa na umeiva, la sivyo unahesabiwa umeumuka. Nikawapa watoto unga, maji, uma za kutoboa, na vijiti vyangu vya kusukumia chapati. Oveni ilikuwa imepashwa moto hadi mwisho. Simu ikawekwa mezani ihesabu dakika. Zilipobaki sita, kijana wangu alikuwa bado anabishana na mwenzake kama matza lazima iwe duara, na dada yake akimpigia kelele, "Toboa! Toboa!" Zilitoka ngumu, zimeungua pembeni, na zilikuwa za mazoezi tu, kwani unga wa Pasaka yenyewe hulindwa dhidi ya maji tangu mapema. Lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa tena maana ya kutoka Misri kwa haraka.

Siku hiyo hiyo kijana akauliza swali lililotula mwezi mzima. "Mama, ugali unaruhusiwa?"

Nafaka zinazokatazwa wakati wa Pasaka zikishaumuka ni tano: ngano, shayiri, rai, oti na spelti. Mahindi hayamo. Ila Wayahudi wa Ashkenazi, waliotoka Ulaya ya kati na mashariki kama ukoo wa mume wangu, tangu karne ya 13 hivi waliongeza desturi ya kuacha pia mchele, maharagwe, dengu na vitu vya jamii hiyo, na baadaye mahindi nayo yakaingizwa. Badala ya kumjibu, tukawagawa watoto pande mbili wakatafute hoja. Binti yangu alirudi na hoja iliyonifurahisha: mahindi asili yake ni Amerika, hayakuwapo Ulaya desturi ilipoanza, sasa waliyakatazaje? Upande wa pili wakasema unga wa mahindi unafanana na wa ngano, na hofu tangu mwanzo ilikuwa kuchanganya. Mwingine akagundua kwamba kamati ya sheria ya marabi wa Conservative iliruhusu vyakula hivyo mwaka 2015.

Bibi wa Baghdad alisikiliza, akainuka, akamimina mchele kwenye sinia. Kwao mchele ni chakula cha Pasaka, mradi uchambuliwe mara tatu usiwe na punje ya ngano. Akawakalisha watoto wakachambua, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, vidole vikisukuma punje ukingoni kama ambavyo mama yangu alitukalisha kutoa mawe kwenye mchele wa gunia. Hapo mjadala ukafa wenyewe. Nyumba yetu ikaamua: usiku wa Seder, yaani mlo wa kufungua Pasaka, kwa heshima ya wazee wa baba yao, hakuna ugali, siku zilizobaki, ruksa.

Seder yenyewe imejengwa juu ya maswali, na mdogo kuliko wote ndiye huanza. Familia nyingi huyauliza kwa lugha zao zote, kwa hiyo kijana aliyasema kwa Kiebrania kisha kwa Kiswahili: "Kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote?" Kwa kuwa Eldoret ilikuwa saa nane usiku, nyanya yake alikuwa ametuma jibu mapema kwa WhatsApp, sauti ya dakika nne, pamoja na salamu kwa watu ambao hatuwajui. Tuliisikiliza yote.

Herufi za Kiebrania nazo zilikwenda polepole. Ziko 22, tano kati yake hubadilika zikiwa mwisho wa neno, na irabu ni vinukta vinavyowekwa zaidi chini ya herufi. Tulimlipa mwanafunzi wa chuo kikuu awafundishe nusu saa kwa wiki kwa njia ya video, na mimi nikakaa nao. Binti alishika haraka. Kijana alikuwa akitambaa chini ya meza. Hapo nilifarijiwa na Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, ambamo mwalimu mmoja wa watoto anaambiwa kwamba akimpiga mtoto asimpige ila kwa ugwe wa kiatu. Anayesoma atasoma, na asiyesoma na awe mwenzi wa mwenzake. Mimi niliyesoma shule ambako kiboko kilikuwa kama somo la nane, nilirudia sentensi hiyo kwa sauti. Tukamwacha awe mwenzi. Baada ya muda alianza kusahihisha wengine akiwa huko huko chini. Talmudi hiyo hiyo inataja wajibu wa baba: kumfundisha mwana Torati na ufundi, na wengine wanaongeza kuogelea. Kwa hiyo Jumanne bwawani ni sehemu ya masomo yetu, na hilo ndilo somo ambalo hajawahi kulikwepa.

Mwezi wa ramani, kila familia ilichora ilikotoka. Mimi niliwaonyesha Uasin Gishu, iliko Eldoret. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi yao, ardhi katika nyanda hizo. Waliuita mpango wa Uganda ingawa leo ni Kenya, bila kuwauliza waliokuwa wakiishi pale, na kongamano la Wazayuni likaukataa mwaka 1905. Binti yangu alitafakari kidogo, akasema, "Kwa hiyo Baba ndiye angekuwa mtu wa Eldoret."

Yeye ndiye aliyetangulia kufika umri wa bat mitzva, msichana anapohesabiwa mtu mzima kidini na kusoma Torati mbele ya watu, na hapo nyumbani hapakutosha tena. Gombo la Torati halina irabu wala alama za sauti. Lazima mtu akufundishe kuliimba, na lazima kuwe na kusanyiko la kukusikiliza. Tukarudi sinagogi kila wiki kwa miezi kadhaa. Sehemu ya Torati iliyoiangukia wiki yake ina kisa cha Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi wanaomwendea Musa kudai urithi wa baba yao asiye na mwana, na Mungu anasema wana haki. Akampigia nyanya yake kumsomea. Nyanya akamwambia, "Mama yangu, baba alipofariki sisi tulipewa sufuria, wavulana wakapewa ekari." Hiyo ilikuwa kabla ya 1981, Sheria ya Urithi ya Kenya ilipoanza kutumika na kuwahesabu wana na mabinti sawa. Sufuria ile iliingia kwenye hotuba yake. Aliongeza pia kwamba sura ya 36, inayowataka mabinti hao waolewe ndani ya kabila lao ardhi isihame, haimfurahishi. Rabi hakumfuta hata mstari.

Nisipake rangi. Familia moja ilituacha, ikarudi darasa la Jumapili kwa sababu mtoto wao alitaka marafiki wengi, na nawaelewa. Kazi ya kupanga nani analeta nini huangukia mtu mmoja, na kwetu ni mimi. Si bure pia: ada ya sinagogi iko pale pale, na mwalimu wa Kiebrania anamaliza chuo mwaka huu, tunatafuta mwingine.

Sasa ni zamu ya kijana. Kwa tarehe yake ameangukiwa na Mambo ya Walawi 13, sura ya magonjwa ya ngozi, ambayo watoto wengi huililia. Yeye anaona amepata bahati, mama yake ni muuguzi. Ameshaniomba nimtafutie picha za vipele kwenye vitabu vyangu vya chuo. Rabi amekubali vitabu, ila picha zibaki nyumbani.