Mlimani au Dodoma? Dogo kanipigia simu tena

Mdogo wangu kachaguliwa vyuo viwili, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo Mlimani) na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kozi zinafanana kabisa, ualimu wa hesabu na fizikia, sasa kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, inabidi athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye meseji, na nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema Mlimani, jina kubwa bwana. Sawa mama, ila jina halilipi kodi ya geto.

Wengi wanaangalia ada tu wanasahau maisha. Mkopo wa bodi ya mikopo ukipata (ukipata!) bumu, yaani hela ya kujikimu, linaingia kwa awamu, na Dar ukikosa hosteli unaenda kupanga Changanyikeni au Sinza huko, mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo, hapo hujanunua godoro wala jiko la gesi. Dodoma chuo kipo nje kidogo ya mji, hosteli ni nyingi, wengi wanaishi humohumo, daladala unapanda siku ukiamua kwenda mjini.

Halafu hili la masomo ndo hawaulizi kabisa. Nimemwambia dogo atafute wa mwaka wa pili wa kozi yake pale na pale, aulize semina zinafanyika kweli au zipo kwenye ratiba tu, mwalimu ukimfuata ofisini anakuelewesha au anakufukuza, na wangapi wamekula sapu (mitihani ya kurudia) za hesabu mwaka jana. Yeye fizikia anaielewa taratibu, darasa la watu mia kadhaa bila semina anadisko, anaondolewa chuo kwa kufeli, mapema tu.

Mimi naegemea Dodoma. Mama bado hajanisamehe.