Daftari la Dawa za Shangazi

Shangazi alirudishwa nyumbani Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, saratani ya titi ikiwa imeshaingia mifupani. Alikuja na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, na bomba la kupimia, lisilo na sindano. Siku tatu tulimpa alipolia tu. Mtaani husemwa mofini ni ya kumalizia mtu, nasi tukajiona tunamhurumia.

Nesi alipokuja alimwamkia kwanza, akakaa naye kitandani, ndipo akatugeukia: "Bibi jana kanywa mara ngapi?" Mara mbili. Hakutukaripia. Aliomba daftari la shule, akapiga mistari: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, mililita 5 kila mara, saa 4 usiku mililita 10, ili saa 8 usiku asiamshwe. Dawa ile hukaa mwilini kama saa nne tu. Ukingoja maumivu yarudi, kila dozi inaanza kazi upya. Yakichomoza katikati, toa dozi kamili ya ziada, iandike, na inayofuata ibaki kwenye saa yake. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ungepita wenyewe. Choo kigumu kisingepita, kwa hiyo bisakodili, kidonge cha kufungua choo, kila usiku. Hiyo tukaiacha. Hali chakula, choo kitoke wapi? Siku ya tano tumbo likawa kama ubao, nesi akalazimika kuvaa glavu na kukitoa kwa kidole.

Kidonda cha titi kilinuka, nasi tulikuwa tukikifukizia udi. Yeye alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akasaga vidonge vya metronidazoli hadi vikawa unga laini, akaunyunyiza. Baada ya siku chache majirani waliokuwa wakiishia barazani wakaanza kuingia chumbani.

Dozi ilipohitaji kupanda, ilimbidi nesi asubiri saini ya daktari siku mbili. Uganda, nesi aliyesomea kuwatuliza wagonjwa wasiopona anaruhusiwa kuandika mofini mwenyewe tangu 2004. Siku mbili hizo Shangazi hakulala.

Mwishoni koo likaanza kukoroma. Wifi akaleta uji. Nesi akamzuia, ungeingia mapafuni. Akamlaza ubavu wa kulia, uso Kibla, akamlowesha midomo kwa kitambaa, na mofini akaidondoshea ndani ya shavu kwa saa zilezile. Kaka akaanza Yasini.

Baada ya mazishi alirudi, akapima iliyobaki kwenye chupa: mililita 85. Akaiandika, tukatia saini, akaondoka nayo.