Angetaka kumuuma angeshamuuma

Sentensi hiyo nimelala nayo, nimeamka nayo, nimesongea nayo ugali. Jumamosi tulikuwa Mafinga kupeleka mahari ya mdogo wangu (imepokelewa, mashangazi wamecheza mpaka viatu vimekatika, picha nitaweka), na katikati ya vigelegele mimi nilikuwa najibizana moyoni na mzee ambaye hata jina lake silijui.

Ilikuwa Jumatano. Nikiwa zamu ya asubuhi huwa nampitia mwanangu, Bosi, nyumbani tunapanda jiwe la Gangilonga, yeye anapaita "jiweni". Njia ilikuwa na watu wake wa kila siku: wanachuo wanaopigana picha, mabinti wa mazoezi, na wazee wa presha na sukari walioamriwa na daktari watembee, nao wanatembea kwa hasira. Upepo wa mwezi wa tisa hapa Iringa mnaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Bosi alikuwa na kipande chake cha hindi la kuchoma mkononi, ananieleza kwa nini Mkwawa hakuhitaji baiskeli.

Mbwa tulimsikia kabla hatujamwona. Jibwa la kizungu, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, linateremka kwa kasi upande wetu. Nyuma yake, mbali kidogo, mzee mmoja ndani ya suti ya michezo. Mnyororo alikuwa nao. Ameuvaa yeye! Ameuzungusha shingoni mwake, ile ndoano ya kufungia inagongagonga zipu ya koti.

Nikasema, "Shikamoo baba. Tunaomba umshike mbwa."

"Marahaba. Haumi huyo."

"Mtoto anaogopa, baba."

"Asikimbie tu. Akikimbia ndiyo anamchokoza."

Wakati huo Bosi alishajificha nyuma yangu, kang'ang'ania sketi. Jibwa likatuzunguka. Miguu ya mbele ikatua begani kwa mtoto, mdomo ukawa usawa wa shavu lake, na hindi likaondoka. Kuondoka kwenyewe sikukuona. Niliona ute umebaki kwenye kola ya sweta. Nikamnyanyua mtoto juu. Mzee akafika, hana haraka yoyote, akajipiga paja mara moja, jibwa likaenda kukaa miguuni pake. Kumbe linajua kuitwa! Ndipo akaniangalia, akatabasamu, akasema:

"Unaona? Angetaka kumuuma angeshamuuma."

Nami nikajibu, "Sawa baba."

Sawa baba! Mimi, ambaye madereva wa malori wakiniona na trei ya sindano wanaanza kuulizia mlango wa choo.

Tangu hapo nimemjibu upya kila nilipopata nafasi. Ndani ya bajaji nilimwambia, "Na wewe baba ungetaka kumfunga ungeshamfunga." Hilo nililipenda, lilinikalisha vizuri mpaka nikapitiliza kituo. Usiku nikamwambia, "Hindi lile lilikuwa la hela yangu," ambalo ni jibu dogo lakini lina ukweli wake. Huko Mafinga, wakati mshenga anahesabu noti, likanijia lile lenyewe: "Mwanangu ana miaka mitano, baba. Kati ya wewe, mbwa wako na yeye, nani ndiye wa kuambiwa atulie?" Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Shangazi akadhani napinga kiwango cha mahari, akanifinya.

Kinachonikera zaidi ni kwamba habari ya kukimbia mzee hakukosea. Ni somo langu mimi. Wale wa siku nyingi humu mnajua kila ikikaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tunapita shule za msingi na mimi ndiye wa kuimbisha watoto: mbwa akikujia usikimbie, usipige kelele, usimkazie macho, simama tuli mikono ubavuni, akikuangusha jikunje, funika uso na shingo. Watoto wanalipenda, hasa pale pa kuanguka. Lakini somo lile nalifundisha kwa ajili ya mbwa ambaye hakuna mtu wa kumuita. Huyu alikuwa na mwenyewe, hatua chache nyuma, amevaa mnyororo, halafu kazi ya kumtuliza mbwa anampa mtoto wa chekechea.

Na ule usawa wa shavu. Mtu mzima akiumwa na mbwa mara nyingi anakuja kwetu kutibiwa anachechemea au kashika mkono. Watoto ndio wanaokuja na kitenge cha mama usoni, kwa kuwa uso wao na mdomo wa mbwa viko kimo kimoja. Kidonda cha usoni kinatutisha kuliko cha mguuni, maana virusi vya kichaa vinafuata mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na kutoka shavuni si mbali. Tunaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, si kuloweka, si kupaka majivu wala mafuta ya taa (ndiyo, bado wanapaka), kisha chanjo siku hiyo hiyo, siku ya 3, siku ya 7, na kuendelea kadiri daktari alivyopanga. Wapo wanaokatisha katikati kwa sababu ya nauli. Dalili zikishaanza, chanjo haisaidii tena. Unabaki kumkalia mtu karibu. Nimewahi kukaa. Sitaandika habari hiyo leo.

Kwa hiyo mzee alipokuwa anatabasamu, mimi nilikuwa nasoma shavu la mwanangu. Tulipofika kwenye kona nilimvua sweta, nikamulika kwa tochi ya simu shavu, shingo, nyuma ya masikio, viganja. Hakuna mchubuko hata wa kucha. Nilimwosha hata hivyo, yeye analalamika kwamba ameibiwa hindi halafu ndiye anayeogeshwa.

Juzi nikiwa naandaa maneno ya kusema shuleni nikarudia habari za Louis Pasteur, maana tarehe 28 Septemba imechaguliwa kwa kuwa ndiyo aliyofariki, mwaka 1895. Mwaka 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa vibaya na mbwa, akamdunga chanjo ambayo ilikuwa bado haijazoeleka kwa binadamu, na mtoto akapona. Hilo nalisema kila mwaka. Ila safari hii macho yangu yalikwama kwingine: aliyeongozana na mtoto na mama yake kutoka kijijini mpaka Paris ni mwenye mbwa, muuza duka. Alifunga safari nao. Nilisoma hapo nikaweka kalamu chini, nikamtafuta mzee wangu wa suti ya michezo kichwani nimwoneshe. Naye, kama kawaida, "Angetaka kumuuma..."

Basi Ijumaa nikalimwaga lote kazini, chumba cha vidonda, kwa sauti. Mngoni wetu alikuwa anafunga bendeji. Alisikiliza mpaka mwisho, kanyamaza kwa adabu kabisa, halafu akasema, "Yaani Mhehe mzima, mboga imekufuata yenyewe mpaka miguuni, wewe unaikimbia?"

Mgonjwa aliyekuwa anafungwa bendeji alicheka kuliko sisi sote. Utani huo, kwamba Wahehe tunakula mbwa, tumetaniwa tangu babu zake na babu zetu walipomaliza kupigana, na siku zote nauona umechakaa. Ijumaa ile nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilikunywa chai nikasikia ladha ya tangawizi.

Nikarudi nyumbani nimelainika, nikamkuta Bosi sakafuni anachora. "Mama, leo hatuendi kumuona Haumi?"

"Haumi nani?"

"Yule mbwa. Si babu yake alimwita Haumi."

Mimi nimekonda wiki nzima kwa ajili ya mtu ambaye kumbe anadhani alitambulishwa! Anachotaka sasa ni mbwa wake mwenyewe. Jina ameshalipanga: Anauma. Eti wezi wakisikia anaitwa wataogopa. Baba Bosi amemwambia tutaona tukishajua habari ya uhamisho (barua imetoka, ni Makambako, tutaongea siku nyingine), nami nikamwangalia kwa jicho ambalo wenye ndoa mnalijua.

Jana nikapita njia ya juu, ile yenye mageti makubwa na miti mikubwa. Geti moja la bluu limeandikwa kwa rangi nyekundu, MBWA MKALI, na kichwa cha mbwa kimechorwa chenye meno mengi kuliko ya mbwa yeyote niliyemwona. Kwenye upenyo wa chini nikaona miguu ya kahawia. Nikainama: mgongo mweusi. Alikuwa anabweka kwa moyo wote, mkia unatikisika.

Nilisimama pale nacheka peke yangu mpaka mlinzi akafungua kidirisha.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene."

"Mzee mwenye nyumba hajambo?"

"Hajambo, katoka kidogo."

"Na mbwa wake?"

"Huyo usimsogelee mama. Mkali huyo, achana naye kabisa."

Nilimshukuru kwa dhati. Mtu akiwa ndani ya ukuta, mbwa mkali. Mbwa akiwa barabarani, haumi. Mlinzi aliniambia pia, bila kuulizwa, kwamba chanjo anachomwa kila mwaka na kadi ipo kwenye droo ya mzee. Sikutegemea kufurahi namna ile. Kama ni kweli, mzee anajua vizuri wajibu wake na anautimiza vizuri tu mpaka anapofika getini.

Baba Bosi anasema nimfuate mzee mwenyewe, tuyamalize kiutu uzima. Mimi naona nianze kwa mwenyekiti wa mtaa, maana nikienda mwenyewe najijua, nitaanza na shikamoo na nitamaliza na sawa baba. Na si mimi tu. Yule binti wa mazoezi mwenye kofia ya njano naye ameacha kupita, nimemuuliza. Ninachoomba ni kidogo sana: mnyororo uhame shingo.

Nilitaka kumalizia hapo, ila mama kapiga simu usiku huu kutoka Mufindi. Yule mnunuzi wa parachichi aliyepakia mzigo mwezi uliopita hapokei simu. Namba ya dereva inapokelewa na mtu anayesema yuko Tunduma na hajui habari ya parachichi yoyote. Mama anasema labda ni mtandao. Fedha ile ndiyo ya bati za jiko, fundi ameshabomoa upande mmoja, na huko kwetu mawingu yameanza kukaa chini asubuhi. Nimemwambia anitumie hiyo namba ya Tunduma, nijaribu kwa simu ya Baba Bosi.