A ya Mlazo

Nimekaa siku tatu na herufi moja tu, A, kwa sababu vijana wa mbio za baiskeli mtaani kwetu waliniomba niwachoree neno KASI kwa herufi nene za mlazo, zenye sura ya michezo na ya zama zijazo. Rasimu ya kwanza niliipata kwa njia ya mkato: nilichukua fonti nene iliyosimama wima, nikaiamuru kompyuta iilaze nyuzi 15 upande wa kulia, nikachapisha. Nilipoibandika ukutani, A ilionekana kama ngazi iliyoegemezwa vibaya.

Kompyuta inapoilaza herufi hubadili mwelekeo wa mistari bila kuurekebisha unene wake, kwa hiyo mguu wa kushoto wa A, ambao tangu awali ulikuwa umeinamia kulia, hulala zaidi na kukonda, ilhali mguu wa kulia husimama karibu wima na kunenepa. O nayo huvimba juu kulia na chini kushoto, na uti wa S huwa mzito kuliko ncha zake. Katika fonti nyembamba kosa hilo hujificha. Katika fonti nene linaonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Sisi linatugusa zaidi, maana A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili: hebu andika HARAKA au WANANCHI uone.

Mlazo wenyewe una asili ninayoipenda. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye mashindano ya magari ya Grand Prix nchini Ufaransa, mpiga picha Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha ambamo gurudumu la gari limeinama mbele na watazamaji wameinama nyuma, kwa kuwa mwanga uliingia kwenye kamera kupitia mwanya uliosogea taratibu, huku mwenyewe akiigeuza kamera kulifuata gari bila kuifikia kasi yake. Naamini picha za namna hiyo ndizo zilizoyazoesha macho yetu kusoma mwinamo kama mwendo. Sura ya zama zijazo ina chimbuko jingine, nalo ni pembe za mraba zilizolainishwa, kama zile za fonti mbili za Kiitalia, Microgramma ya mwaka 1952 na Eurostile, ambayo mbunifu wa herufi Aldo Novarese aliichora mjini Torino mwaka 1962. Zote mbili zimesimama wima.

Basi nilirudi mezani, nikaupunguza mlazo hadi nyuzi 12, nikaunenepesha mguu wa kushoto wa A, nikaupunguza wa kulia, kisha nikaushusha ufito wa katikati ili tundu la juu lisizibwe na wino wakati wa kuchapa jezi. S niliichora upya yote.

Jana nilikata neno hilo kwenye stika, nikalibandika kwenye baiskeli ya mmoja wao, nikasimama hatua 20 kutoka barabarani na kumwomba apite kwa kasi. A ilipita imesimama juu ya miguu yake yote miwili.